Kitufe kisemacho "Wasilisha" kinawasilisha nini?

KITENZI kinachobebeshwa mzigo mzito kuliko vyote katika maisha ya mwanafunzi wa leo hakimo katika kitabu chochote cha sarufi. Kimeandikwa ndani ya kisanduku kidogo cha rangi, mwishoni mwa fomu, kwenye skrini ya kompyuta au ya simu. Mwanafunzi akiomba nafasi ya chuo hukibonyeza. Mwalimu akijaza alama hukibonyeza. Mzazi atafutaye cheti cha kuzaliwa cha mwanawe hukibonyeza pia, tena kwa kusitasita.

Maadamu ukurasa una fomu moja na kitufe kimoja, kitenzi hicho hakimsumbui mtu. Balaa huanza ukurasa mmoja unapobeba fomu nne au tano, kila moja na kitufe chake, na vitufe vyote vikawa vimeandikwa neno lile lile. Hapo watu hupoteza kazi ya saa nzima na kuondoka wakijilaumu wenyewe, ilhali lawama si yao.

Chukua mfano wa ukurasa wa kuingizia alama za mtihani. Ninaufahamu mmoja, wa chuo ambacho sina haja ya kukitaja. Majina ya wanafunzi 60 yamepangwa mstari kwa mstari, kila jina na visanduku vyake vya alama, na mwishoni mwa kila mstari pana kitufe kilichoandikwa "Hifadhi". Mwenzangu mmoja alijaza alama za darasa zima, kuanzia jina la kwanza hadi la 60, kisha akabonyeza kitufe cha chini kabisa. Ukurasa ukajifungua upya. Alama za mwanafunzi wa 60 zilikuwapo. Za wale 59 hazikuwapo.

Msimamizi wa mtambo alipoulizwa alijibu kwamba mtambo haukuwa na kasoro yoyote. Kwa kiasi fulani alisema kweli, na kweli hiyo inastahili kuelezwa.

Ukurasa wa mtandao huandikwa kwa lugha iitwayo HTML. Masharti ya fomu yaliwekwa bayana katika toleo la pili la lugha hiyo, lililoandikwa na Tim Berners-Lee na Dan Connolly na kuchapishwa Novemba 1995, na kiini chake hakijabadilika hadi leo. Fomu ina alama ya kuifungua na alama ya kuifunga. Visanduku vilivyomo baina ya alama hizo ni mali ya fomu hiyo, na fomu moja haiwezi kuwekwa tumboni mwa nyingine. Kitufe cha kutuma kinapobonyezwa, kivinjari hukusanya yaliyojazwa katika fomu ya kitufe hicho pekee, kila jambo pamoja na jina lake, na kuyapeleka kwa seva. Ya fomu nyingine hayaguswi. Seva ikijibu kwa ukurasa mpya, yale yasiyoguswa hutoweka pamoja na ukurasa wa zamani.

Fomu, basi, ni bahasha. Mtu mwenye bahasha 60 mezani akiitia moja katika sanduku la posta, hatarajii zile 59 zijitume. Lakini bahasha huonekana kwa macho, ilhali mipaka ya fomu humwonekania mwandishi wa msimbo peke yake. Anayejaza huona karatasi moja ndefu yenye mistari, na karatasi moja, kwa desturi ya ofisi zetu tangu jadi, hutiwa sahihi moja chini yake. Mwenzangu alifuata desturi hiyo. Ni ukurasa uliomficha kwamba mbele yake palikuwa na karatasi 60.

Dawa yake haikuhitaji mtambo mpya. Kazi ya mwalimu pale ni moja, nayo ni kuingiza alama za darasa. Kazi ikiwa moja, fomu na iwe moja, iyakumbatie majina yote, na kitufe kiwe kimoja. Kazi zikiwa mbalimbali kwelikweli, kwa mfano kubadilisha neno la siri, kuchagua bweni na kuandikisha kozi, hapo kila kazi ipewe fomu yake, tena ichorewe mpaka na kuwekewa kichwa, ili jicho lione kile ambacho kivinjari kinakijua. Wako waandikao msimbo wa JavaScript ili kila mstari ujihifadhi pasipo ukurasa kufunguliwa upya, mbinu iliyoenea sana baada ya 2005. Sina ugomvi nayo, mradi ukurasa umwambie mwalimu kwamba alama za mstari fulani zimefika. Mashine ikinyamaza, mtu hajui kama imepokea au imekataa.

Kuna hali nyingine iliyo kinyume cha hiyo: fomu moja, vitufe viwili au zaidi. Mwanafunzi anayeandika ombi la mkopo huhitaji kuhifadhi rasimu leo na kuwasilisha ombi kesho. Yaliyojazwa ni yale yale, kinachotofautiana ni kusudi. HTML ililitatua jambo hili mapema, kwa ustadi ninaouhusudu. Kati ya vitufe vyote vya kutuma vilivyomo katika fomu, ni kile kilichobonyezwa tu kinachotia jina lake na thamani yake ndani ya bahasha. Seva husoma neno hilo ikajua la kufanya. Toleo la tano la HTML, lililopitishwa rasmi mwaka 2014, liliongeza uhuru: kitufe kinaweza kuipeleka fomu ile ile kwenye anwani tofauti, au hata kukaa nje kabisa ya fomu na bado kikawa chake, maadamu kimetajiwa kitambulisho cha fomu hiyo.

Je, mtu asipobonyeza kitufe chochote? Wengi wetu hujaza kisanduku cha mwisho, kisha hupiga Enta kwenye kibodi. Hapo kivinjari hufuata kanuni: huchukua kitufe cha kutuma kilichotangulia katika mpangilio wa msimbo. Mwandishi wa ukurasa akiwa ametanguliza "Futa ombi" na kulifuatisha "Hifadhi ombi", basi apigaye Enta kwa nia ya kuhifadhi amekwisha kufuta. Rangi nyekundu haimwokoi. Wala kukisogeza kitufe upande wa kulia kwa ajili ya mapambo hakubadilishi kitu, kwa kuwa kivinjari hufuata utaratibu wa maandishi, si wa macho. Isitoshe, kitufe kilichowekwa ndani ya fomu bila kutajiwa aina yake huhesabiwa kuwa cha kutuma. Ndiyo maana kitufe kilichokusudiwa kufungua kalenda tu huweza kulituma ombi likiwa nusu.

Sasa niingie katika shamba langu. Ferdinand de Saussure alitufundisha kutofautisha umbo la neno na maana inayobebwa na umbo hilo. Kitufe cha HTML cha namna ya kale hakikujali tofauti hiyo: maandishi yaonekanayo juu ya kitufe ndiyo hayo hayo yanayosafiri hadi kwa seva. Kitufe kikiandikwa "Delete", seva hupokea "Delete". Mfasiri akija na kuandika "Futa", naye ndiyo kazi aliyopewa, seva iliyofunzwa kulitambua neno la Kiingereza huduwaa, na ombi halifutiki. Toleo la nne la HTML, la Desemba 1997, lilileta kitufe cha aina mpya kinachotenganisha maandishi asomayo mtu na thamani isomwayo na mashine. Hata hivyo, Internet Explorer ya Microsoft, hadi toleo lake la 7, iliendelea kupeleka maandishi badala ya thamani, na waandishi wengi wa kurasa wakaendelea kushikilia kitufe cha kale. Nimewahi kusikia ikidaiwa kwamba Kiswahili "huvuruga" programu. Programu ya namna hiyo ilikuwa imevurugika tangu siku ilipofanya neno la binadamu kuwa amri ya mashine. Kiswahili kiliifichua tu.

Tazama tena ukurasa wenyewe kwa jicho la mwanasarufi. Umejaa amri: "Jaza jina", "Chagua kaunti", "Tuma". Amri za kwanza hutolewa na mashine kwa mtu. Ile ya mwisho hutolewa na mtu kwa mashine. Hali ya kitenzi ni moja, msemaji amebadilika, na hakuna kinachodokeza mabadiliko hayo isipokuwa umbo la kitufe. J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962, alieleza kwamba kuna matamko ambayo kuyatamka ni kutenda. Kubonyeza kitufe ni tamko la namna hiyo. Mtu anatenda kwa neno ambalo hakulichagua, akiwekewa kinywani na mwandishi asiyemjua. Ndiyo sababu neno hilo halina budi kuwa wazi.

"Tuma" ni kitenzi elekezi, nacho kitenzi elekezi hudai shamirisho. Tuma nini? Pakiwa na fomu moja, muktadha hujibu. Pakiwa na fomu tano, muktadha haujibu, na kitufe chenyewe kinapaswa kujibu: "Hifadhi alama za darasa", "Badilisha neno la siri", "Wasilisha ombi la bweni". Wanaolalamika kwamba maneno manne ni marefu mno kwa kitufe hawajapata kuyapima na urefu wa foleni mbele ya ofisi ya msajili.

Vitenzi navyo vichaguliwe. "Tuma" hutaja kuondoka kwa kitu, haiahidi kufika kwake. "Wasilisha" ni kauli ya kusababisha ya "wasili", na katika ofisi zetu hutumika kwa jambo lililokamilika linalokabidhiwa mwenye mamlaka. "Hifadhi" huweka pasipo kukabidhi. Mwanafunzi aliyehifadhi ombi akadhani amewasilisha huigundua tofauti hii baada ya siku ya mwisho ya maombi kupita, na hapo hakuna wa kumsikiliza. Kibaya zaidi ni "Ghairi". Mtu anataka kuliondoa ombi lake, kinamtokea kisanduku kikiuliza kama ana hakika anataka kughairi ombi, na chini yake vitufe viwili: "Ghairi" na "Sawa". Anayebonyeza "Ghairi" hapo anaghairi ombi, au anaghairi kughairi? Andika "Ondoa ombi" na "Rudi bila kuondoa", na mjadala umekwisha.

Asiyeona ndiye anayeteseka zaidi. Programu za kusomea skrini, kama NVDA ambayo hutolewa bila malipo, huweza kumpa mtumiaji orodha ya vitufe vyote vya ukurasa, vikiwa vimetengwa na yaliyo kando yake. Katika ukurasa wa fomu tano husikia: Tuma, Tuma, Tuma, Tuma, Tuma. Miongozo ya WCAG 2.0, iliyotolewa Desemba 2008, ilitaka lebo zieleze mada au kusudi lake. Kwa mwanafunzi huyo, kitufe kisicho na shamirisho ni mlango usio na namba katika ujia wa milango inayofanana.

Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya iliidhinisha mtaala wa usimbaji kwa shule za msingi na za sekondari. Mwalimu wa kompyuta na mwalimu wa Kiswahili wana zoezi la kushirikiana hapa. Mwanafunzi aliyetengeneza ukurasa wenye fomu kadhaa avisome vitufe vyake kwa sauti, pasipo kusoma kingine chochote, mbele ya mwenzake aliyegeukia ukutani. Yule aliyegeuka aeleze kila kitufe kitafanya nini, na kwa kitu gani. Akishindwa, msimbo usiguswe bado, maneno yabadilishwe kwanza. Kisha wapige Enta ndani ya kila kisanduku, fomu baada ya fomu, na kuandika daftarini ni kitufe kipi kilichoitika.