Silikoni ya pua ikiingiwa na vijidudu: kwa nini dawa peke yake haitoshi

Kwa Korea ya Kusini, watu wengi wanawekewa kipande cha silikoni ndani ya pua ili isimame. Wamoja pua inakuja kuwa nyekundu, inavimba, inauma ao inatosha usaha. Inaweza kufika siku chache kisha kupasuliwa, ao kisha miaka mingi.

Mugonjwa anakunywa antibiotike, uvimbe unashuka, anawaza amepona. Kisha unarudia. Sababu ni hii: dawa inapita ndani ya damu, lakini silikoni haina mishipa ya damu. Vijidudu vinajibandika juu yake kama utelezi juu ya jiwe la mtoni, dawa haivifikie muzuri.

Ndiyo maana mara nyingi wanganga wanaitosha, wanasafisha, wanaendelesha dawa. Kukawia kunaweza kutoboa ngozi, ao kovu linavuta pua inakuwa fupi. Kuitengeneza tena kunangojea miezi, mara nyingi kwa mfupa mwororo wa sikio ao ubavu wa mugonjwa mwenyewe.

Basi ukiona alama hizo, usikamue, usijinunulie dawa ovyo. Ona munganga mbio. Kutosha silikoni mapema ndiko kunaokoa pua.