Bima hukatwa wakati wa mavuno, si wakati wa homa

Kila mwaka, mahindi yakishakauka mashambani na baridi ya Juni na Julai ikiwa imetanda juu ya Ufipa, kaya nyingi za Chanji hushika fedha ambazo hazitazishika tena hadi mavuno yajayo. Magunia huuzwa, deni la mbolea hulipwa, bati hununuliwa, sare na madaftari ya watoto hupangiwa bajeti. Matibabu hayamo kwenye hesabu, kwa sababu siku hiyo hakuna anayeumwa.

Miezi sita baadaye hali hugeuka. Mvua ni nyingi, ghala linaelekea kwisha, na mtoto wa darasa la pili anashikwa na homa kali huku akipumua harakaharaka. Anaambiwa ana nimonia, alazwe. Hapo ndipo mbuzi anauzwa kwa bei anayotaka mnunuzi, au gunia la akiba ya chakula linatolewa, au wazazi wanaamua kusubiri kidogo waone. Kwa nimonia, kusubiri kidogo kunaweza kuua.

Bima ya afya iliundwa ili kuziba pengo hilo kati ya siku ya fedha na siku ya ugonjwa. Maelezo yake ni mepesi: wengi wanachanga wakiwa wazima, na wachache watakaougua mwaka huo wanatibiwa kwa mchango wa wote. Hata hivyo, jambo hili jepesi limerudisha muswada kutoka bungeni, limefanya hospitali zikatae wagonjwa wenye kadi, na limefikisha serikali mahakamani. Ukifuatilia historia yake utaona ugomvi ni uleule kila mara: nani amchangie nani, na nani apange bei. Sehemu ya historia hiyo inagusa mkoa wetu wa Rukwa.

Kasanga na Bismarck

Ukitoka Sumbawanga kupitia Matai, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, unafika Kasanga, bandari ya Ziwa Tanganyika iliyopo Wilaya ya Kalambo. Enzi za Wajerumani mahali hapo paliitwa Bismarckburg, kwa heshima ya Otto von Bismarck, kansela wa kwanza wa dola ya Ujerumani. Waingereza waliiteka ngome hiyo mwaka 1916.

Wengi wanaofahamu jina hilo la zamani hawafahamu kwamba Bismarck ndiye aliyeongoza kutungwa kwa sheria ya kwanza ya taifa ya bima ya afya ya lazima kwa wafanyakazi, mwaka 1883. Mfanyakazi alilipa theluthi mbili ya mchango na mwajiri theluthi moja. Aliyeugua alipata matibabu, pamoja na sehemu ya mshahara wake kwa muda wa hadi wiki 13.

Bismarck hakufanya hivyo kwa huruma peke yake. Mwaka 1878 alikuwa amepitisha sheria ya kuwabana wasoshalisti waliokuwa wakipata nguvu viwandani. Alitaka mfanyakazi mwenye uhakika wa kutibiwa asione haja ya mapinduzi. Bima ilizaliwa ikiwa dawa na siasa kwa pamoja, na mpaka leo vitu hivyo viwili havijatengana.

Sheria hiyo haikumhusu mkulima wa Ufipa. Yeye aliletewa kodi, si bima. Lakini iliacha alama kubwa duniani, kwa kuwa ilifunga bima kwenye mshahara. Mwenye mwajiri ana kadi, asiye na mwajiri hana. Huko Dallas, Marekani, mwaka 1929, hospitali ya Baylor iliwaambia walimu walipe senti 50 kila mwezi, na kwa mchango huo walihakikishiwa siku 21 za kulazwa kwa mwaka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya nchi hiyo ilipozuia kupandisha mishahara, waajiri waliwavuta wafanyakazi kwa kuwapa bima. Mpaka leo Mmarekani akipoteza kazi anaweza kupoteza na matibabu.

Njia ya Tanzania

Baada ya Uhuru na Azimio la Arusha la mwaka 1967, Tanzania ilichagua njia nyingine: matibabu ya bure katika vituo vya umma. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku hospitali binafsi za biashara, hadi ziliporuhusiwa tena mwaka 1991. Kufikia wakati huo uchumi ulikuwa umeyumba, dawa zilikuwa adimu, na mwaka 1993 Serikali ikaanza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama. Kwa mwenye kipato cha msimu, jambo hilo lilikuwa na maana moja: ugonjwa sasa unadai fedha siku uleule unapofika.

Ndipo mwaka 1996 wilayani Igunga, mkoani Tabora, ukaanza majaribio ya Mfuko wa Afya ya Jamii, uliozoeleka kwa jina la CHF. Kaya ililipa mara moja kwa mwaka. Serikali iliongeza kiasi kilekile kilichochangwa na wanachama, utaratibu uliopewa jina la "tele kwa tele". Mwaka 2001 mfuko huo ukapata sheria yake. Mwaka huohuo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulianza kazi kwa watumishi wa umma, kwa makato ya asilimia 3 ya mshahara na mwajiri asilimia 3 nyingine.

Kwa hiyo mtaa mmoja ukawa na majirani wa aina mbili. Mwalimu alikatwa mchango kabla mshahara haujafika mkononi, na kadi yake ilimhudumia yeye, mwenza na wategemezi. Mkulima alitakiwa akumbuke mwenyewe, aende mwenyewe, alipe mwenyewe. Kadi yake ya CHF kwa miaka mingi ilikuwa na kituo kimoja tu, na malalamiko yalikuwa yaleyale nchi nzima: kadi ninayo, dawa naambiwa nikanunue dukani. Wengi hawakurudi kulipia mwaka wa pili. Mwaka 2018 mfuko uliboreshwa: kaya ya watu wasiozidi sita ililipa Sh30,000 kwa mwaka, na kwa rufaa mwanachama aliweza kutoka zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa.

Ghala lililojaa wenye njaa

Ili kuuelewa ugomvi wa miaka ya karibuni, fikiria kaya kumi zimekubaliana kuwa na ghala moja la akiba. Kila moja inaweka debe tatu baada ya mavuno, na atakayekwama anachota. Ghala hilo litadumu. Lakini kama sheria inaruhusu mtu kuweka debe tatu siku ileile anapotaka kuchota gunia zima, wenye akiba nyumbani hawatajiunga, watajiunga wenye njaa tu, na ghala litakwisha mapema.

Hilo ndilo lililoelezwa kuhusu Toto Afya Kadi. Kwa Sh50,400 kwa mwaka, mzazi aliweza kumkatia mtoto bima ya NHIF. Machi 2023 mfuko ulisitisha usajili wa mtoto mmojammoja na kuelekeza watoto wasajiliwe kwa makundi kupitia shule. Sababu iliyotolewa ni kwamba wengi waliosajiliwa walikuwa tayari wagonjwa, na gharama zilizidi mno michango. Wazazi walilalamika, hasa wenye watoto wenye maradhi ya kudumu na wale ambao hawajafikia umri wa shule. Baadaye mpango huo ulirejeshwa. Wote walikuwa na hoja. Mzazi hakukosea kumtafutia mtoto mgonjwa matibabu, na mfuko hauwezi kulipa kisichochangwa. Kilichokosekana ni watoto wazima kuwa ndani ya ghala.

Upande wa pili ni bei. Machi 1, 2024, NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya cha mafao chenye bei mpya za huduma na dawa, baadhi ya hospitali kubwa binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wake, zikisema bei hizo hazilipi gharama zao. Kwa siku kadhaa wagonjwa wenye kadi halali walihangaika huku pande mbili zikibishana. Siku hizo zilituonyesha kwamba kadi ni ahadi ya watu watatu: anayechanga, anayelipa na anayetibu. Mmoja akijitoa, kadi inabaki plastiki.

Lazima au hiari?

Wakati Serikali ikipeleka bungeni muswada wa bima ya afya kwa wote mwaka 2022, ilieleza kwamba Watanzania wenye bima walikuwa karibu asilimia 15. Muswada huo ulitaka bima iwe sharti la kupata huduma nyingine, ikiwamo leseni ya udereva na leseni ya biashara. Wabunge na wananchi waliupinga, wakiuliza asiye na uwezo atafanyaje, na ukarudishwa kufanyiwa kazi. Sheria ilipitishwa Novemba 2, 2023, ikiweka msingi wa kila mkazi kuwa na bima na Serikali kugharamia wasio na uwezo.

Majirani zetu wamepita njia hiyohiyo. Rwanda ilianza majaribio ya mifuko ya kijamii mwaka 1999, kisha ikaieneza nchi nzima, na mafanikio yake yalitokana na mambo mawili: kujiunga si hiari, na maskini kabisa hulipiwa. Kenya ilikuwa na mfuko wake wa taifa tangu mwaka 1966. Oktoba 1, 2024 iliubadilisha, na mwenye mshahara sasa hukatwa asilimia 2.75. Mabadiliko hayo yalipingwa mahakamani, na wasio na ajira rasmi walihoji watatoa wapi mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo.

Swali hilo la mwisho lina jibu rahisi zaidi Ufipa kuliko Nairobi. Muuza mboga wa mjini hupata kidogo kila siku. Mkulima hupata mara moja au mbili kwa mwaka, na malipo ya mkupuo yanamfaa, mradi yadaiwe mwezi ambao magunia yanauzwa.

Ufanye nini

Tayari tunaijua bima bila kuiita hivyo. Kila mtaa una chama cha kuzikana, na jirani akifiwa hakuna anayeuliza kwa nini achange. Tatizo ni kwamba tunamchangia maiti haraka kuliko mgonjwa. Kikundi chenye daftari, mweka hazina na siku ya kukutana kinaweza kutenga mwezi Julai kuwa mwezi wa kukata bima kwa kaya zote za wanachama.

Kabla ya kulipa, nenda kwa mtendaji wa mtaa au kituo cha afya kilicho karibu, uulize maswali matano. Mchango wa sasa ni kiasi gani, na unahudumia watu wangapi? Kadi inaanza kufanya kazi baada ya siku ngapi? Inatumika vituo gani, na rufaa inaishia wapi? Ni huduma gani haimo? Dawa ikikosekana kituoni, utaratibu ni upi? Dai risiti, na hakikisha majina ya watoto yameandikwa kama yalivyo kwenye vyeti vyao.

Kumbuka pia kwamba kwa sera ya afya ya nchi, wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wamesamehewa kuchangia katika vituo vya umma. Asiye na uwezo aanzie ustawi wa jamii, asijifiche nyumbani.

Na ukiwa na kadi au huna, mtoto anayepumua haraka, ambaye kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, anayeshindwa kunywa au aliyelegea, apelekwe kituoni saa hiyohiyo. Gharama itajadiliwa akiwa tayari anatibiwa.