Maji ya Uani na Mtoto Asimamaye Dede

Mwezi huu twataka kunena habari ya maji. Hatuneni habari ya uhaba wake, maana hiyo kila mama wa Kwala aijua kwa shingo yake ibebayo ndoo. Twanena habari ya maji yaliyokwisha kufika nyumbani, yakawekwa uani, yakatulia; na habari ya mtoto wa mwaka mmoja, au miwili, au mitatu, aliyeanza kusimama dede na kukifuata kila king'aacho.

Ukimwuliza mtu wa nchi yetu ya Pwani, "Maji yauayo yako wapi?" atakuonyesha upande wa mto Ruvu. Na kweli mto ule ni wa kuogopwa. Washuka kutoka milima ya Uluguru, wapita nchi yetu ukienda Bahari ya Hindi, na wakati wa masika, tangu Machi hata Mei, hujaa ukapita kingo zake; tena una mamba na viboko. Kwa ajili hiyo wazee waliwatisha watoto kwa habari ya chunusi, akaaye chini ya maji na kuwavuta watu miguu. Hadithi ile iliwazuia watoto wengi wasiende mtoni peke yao. Lakini hatujasikia mzee aliyesema kwamba chunusi akaa ndani ya ndoo ya kufulia. Basi mama auogopa mto ulio mbali, na ndoo iliyo mlangoni haiogopi. Na mtoto wa miezi kumi na minane haielewi hadithi ya chunusi, wala hana miguu ya kufika mtoni. Afika kwenye ndoo.

Neno tutakalo kulisema ni hili: mtoto mdogo mara nyingi hafi maji mbali. Hufa karibu na mlango wa mama yake, katika maji machache, kimya kimya, saa ambayo nyumba ina watu na kila mmoja adhani mwenzake anamtazama.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwezi wa Desemba 2024, likasema kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Ukigawanya hesabu hiyo kwa siku za mwaka, wapata watoto kama 200 kila siku. Tena zaidi ya tisa katika kila watu kumi waliokufa walikuwa watu wa nchi zenye kipato kidogo au cha kati, ndizo nchi kama yetu, ambako maji huchotwa, hubebwa na kuwekwa akiba. Kwa ajili ya msiba huu Umoja wa Mataifa ulikata shauri mwezi wa Aprili 2021 kwamba tarehe 25 Julai ya kila mwaka iwe siku ya kuwakumbusha watu wote kuzuia vifo vya maji.

Kwa nini maji machache huua

Wako watu wasemao, "Maji ya ndoo hayafiki hata goti, yawezaje kumwua mtu?" Hawa wapima kwa goti lao wenyewe. Yafaa wampime mtoto. Kichwa chake ni kizito kikilinganishwa na kiwiliwili chake, na mikono yake haijapata nguvu. Akiinama juu ya ndoo kuchezea maji, kichwa humtangulia. Akiisha kutumbukia, miguu hubaki juu, na mikono haiwezi kumwinua. Ndoo iliyojaa nusu ni nzito, haipinduki kwa mateke yake. Maji yakifunika pua na kinywa, hayo yametosha.

Wengine husema, "Akianguka nitasikia kilio." Hili nalo ni kosa la hatari. Mwenye kulia hutumia pumzi, na aliye na maji kinywani hana pumzi ya kulilia. Hapigi kelele, mara nyingi hata hapigi maji kwa mikono. Dakika chache ubongo ukikosa hewa huanza kuharibika, na mtoto hufa au hupona na ulemavu. Muda wa kupepeta ungo mmoja wa mchele wamtosha kupotea.

Tutwae mfano wa nyumba moja iliyo kama nyumba zetu. Ni Jumamosi asubuhi. Mama anafua nyuma ya jiko, bibi anachambua mboga barazani, dada mkubwa anafagia, baba anazungumza na fundi juu ya bati. Mtoto apita kati yao wote. Mama aingia ndani kutwaa sabuni. Akirudi auliza, "Mtoto yuko wapi?" Dada ajibu, "Si yuko kwa bibi?" Bibi naye asema, "Mjukuu wangu? Nalidhani yuko nawe, mwanangu." Katika nyumba hii hakuna mzembe hata mmoja. Wote wampenda mtoto, na wote wapo. Hata hivyo mtoto hana mlinzi, kwa sababu ulinzi wa wote haukukabidhiwa mtu. Waswahili walinena zamani kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, nao walisema kweli.

Mambo ya kufanya uani

Hatutasema, "Mwageni maji yote." Maji ya Kwala yana gharama, mwenye kuyamwaga asubuhi atayanunua tena jioni, au atayafuata mbali. Twasema yafunikwe. Ndoo za akiba ziwe na vifuniko vya kukaza, au ziinuliwe juu ya meza ngumu ambayo mtoto haifikii. Pipa na mtungi vifunikwe kwa ubao, juu yake jiwe zito. Gunia au khanga si kifuniko. Mtoto huegemea, nayo hutumbukia pamoja naye. Maji ya kufulia na ya kuogea yakiisha kazi yamwagwe papo hapo, yanyweshe mgomba au mchicha, na beseni ligeuzwe kifudifudi. Mtoto akiogeshwa katika karai, asiachwe hata kwa kufuata taulo. Atolewe, abebwe, ndipo mtu aende.

Kisima cha uani kijengewe ukingo unaopita kimo cha mtoto, kikatiwe mfuniko wa mbao au chuma, na mfuniko ufungwe. Vivyo hivyo tangi lililo chini ya ardhi na shimo la choo. Ubao uliooza hauzuii kitu. Mahali pasipowezekana kuzungushia maji, mzungushieni mtoto: pigeni ua mdogo wa fito mbele ya jiko, au wekeni kizuizi mlangoni, kazi ya fundi ya nusu siku.

Liko na jambo la mashimo. Kwala ya leo si ile ya zamani. Mwaka 2024 treni za umeme za reli mpya zilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na Dodoma, zikipita nchi yetu. Na tarehe 31 Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua bandari kavu ya Kwala. Penye kazi huja watu, penye watu hujengwa nyumba, na nyumba hutaka tofali, na tofali hutaka udongo. Basi kila jengo huweza kuacha shimo lake, na mvua ya vuli au ya masika hulijaza. Maji yake huwa mekundu, hayaonyeshi kina. Kingo zake huwa za utelezi. Ng'ombe hunywa hapo, watoto wakubwa huchezea hapo, na mdogo huwafuata. Mwenye kuchimba na alifukie akiisha kufyatua tofali. Na kama atalihitaji tena, alizungushie miiba na boma. Walimu waijua sheria ya kale katika kitabu cha Kutoka, mlango wa ishirini na mmoja: mtu aliyechimba shimo asilifunike, ng'ombe au punda wa mwenziwe akatumbukia akafa, alitozwa fidia. Kama punda alihesabiwa hivyo, mtoto wa jirani ahesabiweje? Shimo lililo la watu wengi lipelekwe mbele ya mwenyekiti wa kijiji, lifanyiwe shauri kabla ya mvua.

Kumtaja mlinzi

Kifuniko husahauliwa, na ua huoza. Kwa hiyo yapasa pawe na mlinzi, naye atajwe kwa jina. Mama akiingia ndani aseme, "Dada, mtoto ni wako mpaka nirudi," na dada ajibu, "Ndiyo, mama, niko naye." Bila jibu hilo, mama asiondoke. Mlinzi asipewe kazi nyingine, wala asiwe ameshika simu. Tena asiwe mtoto wa miaka mitano au sita. Desturi yetu ya kumpa mtoto amlee mdogo wake ni desturi njema ya kufundisha upendo, lakini mtoto huyo naye hucheza na husahau; na msiba ukitokea, hubeba maisha yake yote hatia isiyo yake. Tusiwatwike watoto mzigo wa watu wazima.

Mtu atasema, "Sisi tuna shamba na biashara, nani atakaa akimtazama mtoto mchana kutwa?" Swali hili ni la haki. Waliulizana hivyo hivyo watu wa Bangladesh, nchi ya mito na madimbwi, ambako watoto wengi wadogo walikuwa wakifa maji saa za asubuhi, mama zao wakiwa katika upishi na kazi. Wakaanzisha vijijini vituo viitwavyo Anchal. Mwanamke wa kijiji aliyefundishwa kazi hiyo huwapokea nyumbani watoto kama 25, tangu saa tatu asubuhi hata saa saba mchana, siku sita kwa juma. Hucheza nao, huwaimbisha, mlango umefungwa. Wataalamu walipochunguza waliona vifo vya maji vimepungua sana kwa watoto wale. Mwaka 2022 serikali ya nchi ile ikakubali kuanzisha vituo 8,000 vya namna hiyo.

Kwetu, Serikali ya Tanzania ilizindua mwezi wa Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na vituo vya kulelea watoto mchana vimo katika shauri lake. Lakini akina mama watano wa mtaa mmoja hawana haja ya kungoja jengo. Wakigawana siku, kila mmoja akawalea watoto wa wenziwe asubuhi moja katika ua uliofungwa, wanne hupata kwenda shamba kwa moyo mtulivu.

Akionekana majini

Asiyejua kuogelea asijitupe katika kisima au lambo, maana watakuwa misiba miwili. Apige kelele, atupe kamba, au anyooshe mti mrefu, au arushe dumu tupu lililofungwa kifuniko, maana huelea.

Mtoto akiisha kutolewa, msimning'inize miguu juu, wala msimkamue tumbo. Mwapoteza wakati, na yatokayo tumboni huweza kuingia mapafuni. Mlazeni chali mahali pagumu, inueni kidevu chake kidogo, mwangalie kama apumua. Kama hapumui, mmoja ampulizie pumzi tano za polepole, kifua kikionekana kuinuka. Asiyetimiza mwaka, mfunike kinywa na pua pamoja kwa kinywa chako. Aliye mkubwa kuliko huyo, mbane pua upulize kinywani. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, upesi, kama mara mbili kwa kila sekunde, kifua kishuke kadiri ya theluthi ya unene wake: kwa kitoto, tumia vidole gumba viwili, kwa mkubwa wake, kitako cha kiganja. Pumzi mbili tena, na mara 30 tena, bila kuacha, hata apumue au afike mganga. Akitapika, mgeuze ubavu. Na akizinduka, apelekwe zahanati au hospitali siku ile ile, ijapokuwa anacheka, kwa sababu mapafu huweza kuugua baada ya saa kadhaa. Afadhali kila mtaa uwaombe wauguzi wa zahanati wawafundishe watu jambo hili kwa mikono, maana kusoma peke yake hakutoshi.

Neno moja kwa wale wafikao matangani. Mtoto akifa maji, pasiwe na mtu wa kusema, "Mama yake alikuwa wapi?" wala wa kunong'ona kwamba kuna jirani mchawi. Maneno hayo huvunja nyumba mbili, na ndoo hubaki wazi katika nyumba ya tatu. Mfarijini mama, kisha kila mmoja arudi kwake akatazame uani.

Nanyi walimu, twawaomba kazi moja. Wapeni wanafunzi wenu hesabu ya nyumbani: kila mmoja ahesabu vyombo, visima na mashimo yenye maji kwao na njiani, aandike vilivyofunikwa na visivyofunikwa, na kila kisichofunikwa amwonyeshe mzazi. Baada ya juma moja wahesabu tena. Wekeni hesabu hizo mbili ubaoni, kando kando, wazazi wazione siku ya mkutano wa shule. Na wenye nyumba msingoje shule: leo jioni, kabla taa haijazimwa, zungukeni uani na mtoto mgongoni, mtazame kila chombo kilichofika kimo chake.