Mkuu wa Ofisi na Kiswahili cha Amri

Katika darasa letu la jioni la Kiswahili cha ofisini, mwanafunzi mmoja ambaye ni mkuu wa kitengo hapa Kampala alitusimulia jambo lililotufanya tuyatazame upya mafunzo yetu. Alimwandikia karani wake mstari mmoja: "Mbona hujaleta ripoti? Lete leo." Yeye alidhani ameuliza tu. Karani, mama mkimya mwenye miaka mingi kazini, aliileta ripoti siku hiyo hiyo, na chini yake akaweka barua ya kuacha kazi.

Tuanze na sarufi. "Mbona" si "kwa nini" tupu. Hubeba mshangao au lawama, na wanafunzi wetu wengi huitumia bila kujua hivyo. "Lete" nayo ni amri. Nchini Uganda amri ya Kiswahili ina historia yake, kwani kwa miaka mingi lugha hii ilikuwa ya jeshi na polisi, na wako wazee ambao waliisikia zaidi kwenye vizuizi vya barabarani wakati wa utawala wa Idi Amin (1971-1979). Mama yule alikuwa mmoja wao.

Je, mkuu aseme na kila mtu kwa upole ule ule? La. Mkuu huyo huyo ana msaidizi mwenye haraka, asiyependa maneno mengi. Siku moja alimwambia: "Ningeomba, kama ukipata nafasi, unitazamie hesabu hizi." Kijana hakupata nafasi. Kwake ombi lile lilikuwa hiari. Mtu wa namna hii aambiwe jambo lenyewe kwanza, maelezo baadaye: "Naomba hesabu hizi kabla ya saa nane mchana." Salamu asinyimwe, ila iwe fupi. (Na tuandike "mchana". Barua ya ofisini ikisema "saa 8" peke yake, aliyezoea saa za Kiingereza ataingia asubuhi.)

Wataalamu wa saikolojia wameliandika sana suala la tabia. Carl Jung wa Uswisi aliwagawa watu mwaka 1921 katika wanaoelekea nje na wanaoelekea ndani. Nchini Marekani, Katharine Briggs na binti yake Isabel Myers waliyaendeleza mawazo hayo wakapata aina 16. Makampuni mengi hupenda vipimo hivyo, lakini sisi tunavichukua kwa tahadhari: wapo wanaopimwa tena baada ya muda mfupi wakaangukia kundi jingine. Anayekaa kimya kikaoni kwa Kiingereza huenda ni mcheshi kupindukia kwa Kiluganda. Kwa hiyo mkuu amsikilize mtu kwanza kabla ya kumpa jina la aina yake.

Hata hivyo tofauti zipo, na mwalimu wa lugha anaweza kusaidia. Msemaji hufikiri huku akizungumza. Zungumzeni naye ana kwa ana, kisha mliyokubaliana yaandikwe, maana kesho atakuwa na wazo jingine. Mkimya apewe ajenda siku moja kabla, wala asishtukizwe mbele ya watu kwa "Wewe unasemaje?" Mpenda maelezo hatosheki na "hivi karibuni", anataka siku na idadi.

Kwa upande wetu, kosa tumeliona. Vitabu vingi huanza na amri kwa sababu ni rahisi: chukua kitenzi, sema. Kiishio -e, yaani "ulete", "uniletee", "tuangalie", hucheleweshwa, na "naomba" huachwa ijifundishe yenyewe. Mwanafunzi anayeacha masomo mapema huondoka na Kiswahili cha kituo cha polisi. Muhula huu tumeileta -e katika wiki ya pili, sambamba na amri, na kila zoezi lina watu wawili wanaoambiwa jambo moja kwa maneno tofauti.

Kuhusu mama karani, mkuu wake alimwita faragha, akamwambia: "Mama, naomba unieleze nilipokosea." Mama hakulalamikia kazi. Aliomba maagizo yaandikwe asubuhi, yakiwa na tarehe, na yaanze kwa jina lake. Barua yake aliichukua mwenyewe mezani.