Kabla hujatoa hela ya kiwanja Geita au Kahama, soma hapa kwanza

Leo naacha siasa kidogo. Nataka tuongee habari ya viwanja na nyumba huku kwetu kanda ya dhahabu, maana watu wanalizwa kila kukicha na wengi wao ni ndugu zetu kabisa.

Naanza na la nyumbani. Baba yangu mdogo alikuwa machimboni, siku moja duara likatema, akapata hela. Wenzake walizimalizia baa, yeye akasema hapana, ananunua kiwanja nje kidogo ya mji wa Geita ajenge. Dalali akamwonyesha eneo safi, tambarare, barabara ipo. Mwenyekiti wa mtaa akaitwa, karatasi ikaandikwa, mashahidi wakasaini, mhuri ukagongwa. Baba mdogo akamwaga mawe, akanyanyua msingi, akapiga na jamvi. Mwaka wa pili anajiandaa kupandisha ukuta, wakaja watu na ramani: mzee, hapa ni ndani ya leseni ya uchimbaji, usiendelee. Mpaka leo ule msingi upo, mbuzi wanalala juu yake.

Sasa cha kushangaza ni kwamba muuzaji hakuwa tapeli. Shamba lilikuwa la kwake kweli, la babu yake. Tatizo ni kitu ambacho wengi hatukijui, nacho ndicho kilichonifanya niandike.

Ardhi ya juu na madini ya chini ni vitu viwili tofauti. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini. Wewe unapewa haki ya kuitumia, kwa mjini hati inaweza kuwa ya miaka 33, 66 au 99. Madini yaliyo chini ni mali ya Jamhuri, na anayepewa leseni ya kuyachimba anapewa kwa sheria nyingine kabisa, ile ya Madini ya mwaka 2010. Kwa hiyo mtu anaweza kukuuzia shamba kihalali huku mwingine ana leseni halali juu ya eneo hilo hilo. Mwenye leseni hawezi kukufukuza hivi hivi, sheria inamtaka alipe fidia. Lakini fidia inahesabu kilichokuwepo siku ya uthamini. Ukiongeza chumba baada ya hapo, hasara ni yako. Na kungoja kwenyewe ni miaka! Waulize watu wa mitaa kama Nyamalembo na Katoma pale Geita habari ya "vigingi", watakusimulia mpaka jua lizame.

KWA NINI BEI ZIMEPANDA HIVI?

Jibu ni dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata 2001, Buzwagi pale Kahama 2009. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa, maofisi yakaja, watumishi wakaja na wote wanataka pa kulala. Halafu Oktoba 2025 wakia moja ya dhahabu ikapita dola 4,000 kwenye soko la dunia. Mchimbaji aliyepata hela leo anataka kiwanja leo hii hii, hana muda wa kuulizauliza. Dalali analijua hilo. Mwalimu au mama muuza nguo wa Katoro anashindana na mtu aliyebeba hela kwenye mfuko wa rambo, atashindwa tu.

Lakini mgodi hauishi milele. Ule mgodi wa zamani wa Geita, wa enzi za mkoloni, ulifungwa 1966. Buzwagi nao ulimaliza uzalishaji 2021. Kahama haikufa, maana ni mji wa biashara, mpunga na magari ya kwenda Rwanda na Burundi. Lakini aliyejenga vyumba kumi akitegemea wafanyakazi wa mgodi peke yao alijuta. Kwa hiyo ukinunua jiulize: dhahabu ikiisha, mji huu utakula nini?

MAMBO YA KUFANYA KABLA HUJATOA HELA

1. Nenda ofisi ya madini. Ndiyo, kabla ya kwenda kwa mwenyekiti. Tume ya Madini ina Afisa Madini Mkazi Geita, Kahama na Shinyanga. Peleka vipimo vya eneo (simu yenye GPS inatosha kuanzia) uliza kama kuna leseni juu yake, kubwa au ndogo.

2. Jua ni ardhi ya nani. Kama ni ya kijiji, inatawaliwa na Sheria Na. 5 ya 1999, na halmashauri ya kijiji lazima iridhie. Mwenyekiti peke yake na mhuri wake sio halmashauri. Kama ni ya mjini na imepimwa, omba namba ya kiwanja na kitalu, kisha ukafanye upekuzi ofisi ya ardhi. Hapo utajua jina la mmiliki, na kama nyumba imewekwa rehani benki.

3. Muulize muuzaji ana mke au mume. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenza. Huku kwetu mzee anaweza kuuza asubuhi, mama anajua jioni. Mwenza asaini, tena mbele yako.

4. Kama mali ni ya marehemu, usinunue kwa "mtoto mkubwa". Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mwambie akuonyeshe barua ya uteuzi. Ukoo wa Kisukuma una watu wengi wadau, na wote watajitokeza ukishapaua.

5. Mkataba uwe wa maandishi na mwanasheria ashuhudie. Hela ipite benki, sio mkononi. Mtaani unaweza kudaiwa asilimia 10 ya bei kama ya ofisi ya mtaa. Kabla hujalipa uliza ni kwa sheria ipi, na ukilipa chochote cha serikali, lipa kwa namba ya malipo ya serikali na udai risiti.

6. Nenda uwaone majirani, tena nenda masika. Shinyanga na Kahama kuna udongo wa mbuga, ule mweusi. Kiangazi unapasuka mpaka mguu unazama, masika unavimba, na nyumba inapasuka nao. Kiwanja cha bei chee Agosti kinaweza kuwa bwawa Machi.

7. Angalia uko upande gani wa mgodi. Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui lilibomoka, tope likaingia kwenye makazi na mashamba kijiji cha Ng'wang'holo, Kishapu. Karibu na mashimo ya kulipua baruti nako watu wamekuwa wakilalamikia nyufa. Bei ndogo ina sababu yake.

UKIWA WEWE NDIYE UNAUZA

Usikimbilie bei ya kwanza ya dalali. Dalali wa huku mara nyingi anaweka cha juu: wewe unamwambia milioni 12, mnunuzi anaambiwa 15. Kaa na mnunuzi uso kwa uso. Na usimpe karatasi zako halisi mtu yeyote "akapige kopi".

Pia kuna kodi. Mkazi wa nchi analipa asilimia 10 ya faida aliyopata, na kuna ushuru wa stempu asilimia 1 kwenye uhamisho. Nyumba uliyoimiliki na kuishi mwenyewe miaka mitatu au zaidi inaweza kupata nafuu, waulize TRA. Tunza risiti za saruji, bati na nondo, maana faida ni bei ya kuuzia ukitoa gharama zako. Bila risiti utajiteteaje?

UKITAKA KUONGEZA THAMANI

Usianze na rangi wala geti la maua. Anza na karatasi. Mtaa wenu ukiingia kwenye urasimishaji, changia upimiwe. Nyumba ya kawaida yenye hati inauzika kuliko jumba lisilo nayo, na benki nayo inakusikiliza.

Cha pili ni maji. Wenyeji wa Shinyanga na Kahama wanakumbuka maji ya malambo. Tangu bomba la KASHWASA lilete maji ya Ziwa Victoria mwaka 2009, mpangaji wa kwanza anauliza maji yapo? Vuta maji, weka choo cha ndani, halafu umeme wa luku kila mpangaji na wake kama unaweza. Hapo unaepusha nusu ya ugomvi wa nyumba za kupanga.

Cha tatu ni msingi. Kama uko kwenye mbuga chimba mpaka ufike udongo mgumu, funga mkanda wa nondo, na elekeza maji ya paa mbali na ukuta. Fundi akikwambia "hapa panatosha" kwenye futi moja na nusu, ongeza.

Mgogoro ukitokea: Baraza la Kata tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa ndani ya siku 30 unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wengi wanapoteza miezi wakisubiri kata "iamue".

Baba mdogo bado anapanga chumba na sebule. Wiki mbili zilizopita kanipigia simu, ameona kiwanja kingine, dalali anasema wapo watu wengine watatu wanakitaka hivyo atoe hela ya kushikilia jioni ile ile. Nikamwambia baba, waache wakichukue. Akanyamaza kidogo, akaniuliza ofisi ya madini wanafungua saa ngapi.

Kesho yake tulikuwa wa kwanza kwenye foleni. Nawakilisha.