Safari ya Mtoni Hupangwa Nchi Kavu

Sisi watu wa pwani tukitajiwa chombo, fikira zetu huenda baharini: jahazi, mashua, ngalawa. Mto kwetu ni wa kuvuka, si wa kusafiria. Lakini wako watu ambao raha yao ni kujitia ndani ya kimtumbwi cha mtu mmoja kiitwacho kayaki, wakateremka na maji ya mto yendayo kwa kishindo juu ya mawe, siku tatu au nne mfululizo, chakula na matandiko yao wamevipakia humo humo. Hapa Kenya mchezo huu umezoeleka zaidi katika mto Tana, upande wa Sagana. Leo natutazame upande wa magharibi, Kakamega, kwani huko maji hayakosekani.

Kakamega hupata mvua ya kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya ile ya Mombasa, na aghalabu hunyesha alasiri, kwa radi na pengine kwa mvua ya mawe. Mito ni mingi. Uko Isiukhu upitao katika mwitu wa Kakamega, uko Yala upande wa kusini, na uko mkubwa wao, Nzoia, ushukao kutoka milima ya Cherangani na kupokea maji ya Mlima Elgon kabla ya kuelekea Ziwa Victoria. Isiukhu mwituni ni mwembamba na una miti iliyoanguka, tena sehemu ile ni hifadhi ya taifa tangu 1985, na haiingiwi ila kwa ruhusa ya wenyewe. Kwa safari ya siku kadhaa, mto wenyewe ni Nzoia, kuanzia chini ya maporomoko ya Nabuyole karibu na Webuye, yale yaliyokuwa yakiitwa Broderick Falls, hadi Mumias.

Asidanganyike mtu kwamba hilo ni pori tupu. Kingo za Nzoia ni mashamba ya miwa na mahindi, na watu wako mtoni wakiteka maji, wakifua, wakinywesha ng'ombe. Msafiri apite kwa salamu, aseme "Mulembe", naye ataitikiwa, kisha aulize habari za mto mbele. Mvuvi wa pale anajua jiwe lisiloandikwa katika ramani yoyote.

Jambo la kwanza la kupanga ni maji yenyewe. Baharini mwezi hutwambia bamvua ni lini na maji mafu ni lini. Mto hauna kalenda hiyo. Mvua iliyonyesha jana Cherangani yaweza kukufikia leo nawe umekaa juani, hujaona hata wingu. Ndiyo maana wenye busara huukwepa mwezi wa Aprili na Mei, masika yanapopamba moto, na wakifika kambini jioni huchomeka kijiti penye ukingo wa maji, wakakitazama kabla ya kulala. Maji yakikipita kijiti, kambi huhamishwa juu usiku ule ule. Anayetaka kujua nguvu ya Nzoia ukifura na awaulize watu wa Budalangi, ambao mto huu umewatoa majumbani mara nyingi.

Pili ni kuyajua maji kwa daraja. Wenyewe wameyapanga toka la 1, maji ya kutiririka, hadi la 6, ambayo ni kama kuiaga dunia. Panapokuwa mbali na daktari, huongeza daraja moja kwa hesabu: la 3 hulihesabu kuwa la 4, kwani bega lililoteguka mjini ni la saa moja, lakini bondeni ni la siku nzima. Kila penye mngurumo wasichokiona mwisho wake, hushuka, wakatembea ukingoni kwenda kuchungua. Hatari si jiwe peke yake. Mti uliolala majini hupitisha maji na kumzuia mtu, na hapo ndipo wengi hufia. Pasipopitika, chombo hubebwa begani, na hakuna aibu.

Habari hii ya kubeba chombo begani si ngeni kwa wazee wetu. Stanley alipoondoka Bagamoyo Novemba 1874, mashua yake, Lady Alice, ilichukuliwa vipande vipande na wapagazi wa pwani na Unguja. Serahangi wake alikuwa Uledi, mtu wetu, aliyewaopoa wenziwe wengi majini. Mwaka 1877 walipofika maporomoko ya Kongo, kijana Kalulu alichukuliwa na maji mwezi wa Machi. Tarehe 3 Juni ikawa zamu ya Mwingereza Frank Pocock, mwana wa wavuvi. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, Uledi alikwenda kuyatazama maji, akarudi akasema hayapitiki. Pocock, aliyekuwa na vidonda vya miguu na amechoka kungoja, akawakejeli kuwa ni waoga. Wakaingia. Uledi akatoka hai, Pocock akafa maji. Vitabu vingi humsifu Stanley, na aliyesoma mto sawasawa siku ile ni serahangi.

Vyombo vya safari ni vichache: kofia ngumu, jaketi la kuelea lililofungwa barabara, kamba ya kumrushia aliyepinduka, kafi la akiba, mifuko isiyoingia maji, dawa za jeraha. Chandarua kisisahauliwe, kwani malaria ya Kakamega haina likizo. Maji yachemshwe. Watu wasipungue watatu, ili mmoja akiumia, mmoja abaki naye na wa tatu aende kutafuta msaada. Na mtu wa nchi kavu awe na orodha ya majina, na saa ambayo, wasipotokea, ataanza kuwatafuta.

Kwa nini nasema Mumias, nisiseme ziwani? Kwa ajili ya mamba na viboko wa upande wa chini. Hendri Coetzee wa Afrika Kusini, aliyekuwa akiishi Uganda, aliongoza mwaka 2004 safari ya mto Nile toka chanzo chake hadi baharini, na umahiri wake haukuwa na shaka. Tarehe 7 Desemba 2010, katika mto Lukuga, mashariki ya Kongo, mamba alimnyakua kutoka kayaki yake, wenziwe wawili Wamarekani wako ubavuni. Maiti yake haikuonekana.

Basi Mumias yatosha. Ndipo palipokuwa makao ya Nabongo Mumia na kituo cha misafara ya pwani, na adhana husikika hapo hadi leo. Gari lingojee darajani tangu adhuhuri.