Dan Gable: Bingwa aliyefundishwa na kipigo kimoja

TUNAPOTAJA mieleka, wengi hukumbuka ile ya kwenye televisheni, watu wanarushiana viti huku damu ikiwa ya uongo. Ninayoizungumzia leo ni mieleka ya kweli, ile ya kukamatana na kuangushana kwa pointi, inayofundishwa katika shule za Marekani kama sisi tunavyofundisha kandanda.

Dan Gable alizaliwa mwaka 1948 katika mji wa Waterloo, jimbo la Iowa. Akiwa na miaka 15, mwezi Mei 1964, dada yake Diane aliuawa nyumbani kwao wakati yeye na wazazi wake wamekwenda kuvua samaki. Wazazi walitaka kuihama nyumba ile. Kijana akahamishia kitanda chake katika chumba cha marehemu ili wabaki. Mimi niliyesoma ukimbizini Kigoma nawajua watoto wa namna hiyo. Hukaa kimya darasani, na nguvu zao zote hutafuta pa kutokea.

Zake zilitokea kwenye mkeka. Sekondari alipigana mara 64 na hakupoteza hata moja. Chuo Kikuu cha Iowa State aliendelea hivyo hivyo hadi pambano lake la mwisho, fainali ya Machi 1970, mbele ya Larry Owings wa Chuo Kikuu cha Washington. Owings alikuwa amejipunguza uzito makusudi ili akutane naye, na akamshinda 13 kwa 11. Ukumbi mzima ulishangaa.

Hapa ndipo wengi huishia. Gable alirudi mazoezini akiwa mkali zaidi, akazirekebisha kasoro ambazo ushindi wa miaka yote ulikuwa umezificha. Mwaka 1972, katika Olimpiki ya Munich, alitwaa dhahabu ya uzito wa kilo 68 kwa mapambano sita, bila mpinzani yeyote kumpata pointi moja.

Mchezaji hodari si lazima awe mwalimu hodari. Sisi walimu tunalijua hilo: aliyefaulu bila taabu huwa hana subira na asiyeelewa. Gable alijua maana ya kushindwa. Alianza kuwa kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Iowa msimu wa 1976/77, na hadi alipoacha mwaka 1997 timu yake ilikuwa imetwaa ubingwa wa taifa wa vyuo mara 15, tisa kati ya hizo mfululizo, kuanzia 1978 hadi 1986. Mwaka 1984 aliongoza pia timu ya Marekani katika Olimpiki ya Los Angeles, ingawa, tuseme ukweli, Wasovieti hawakuja.

Ubingwa wake wa mwisho, Machi 1997, aliusimamia akiwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Mwili ulikuwa umechakaa kwa mazoezi. Vijana wake walishinda kwa pointi 170, rekodi ya mashindano hayo kwa wakati ule.